Wiki Kumi na Nane za Fundi Agapiti

Mwezi wa sita mwaka 1994, Kassian alimwambia mkewe Getruda kwamba anakwenda Mtwara wiki mbili kufuata kazi ya bandarini. Alibeba mfuko mmoja na sweta. Wiki mbili zilipopita, Getruda aliweka alama kwenye kalenda ya parokia iliyokuwa ukutani. Mwezi ulipopita akaweka nyingine. Mwaka ulipokwisha akaibandua ile kalenda na karatasi zake akafungia karanga za kuuza. Kassian hakufa. Watu walimwona huko Mtwara, mzima na mnene. Hakurudi tu, Getruda akabaki na binti yao, Goreti.

Tangu hapo Getruda akawa na tabia ambayo majirani waliicheka. Mtu akimtajia muda, yeye anauandika. Alikuwa na daftari alilolichora mstari katikati: kushoto muda uliosemwa, kulia muda uliokuja kuwa. Fundi cherehani wa soko la Ruangwa: siku tatu, siku kumi na moja. Lori la kubeba korosho: Jumatatu, Jumatatu ya wiki ya nne. Ghala la kijiji: miezi miwili, na upande wa kulia aliandika "miezi kumi na minne, mlango bado." Miaka ilivyokwenda akaanza kumjua kila mtu kwa kipimo chake. Mjomba wake akisema kesho, Getruda alimtegemea keshokutwa. Hakuwachukia. Aliacha tu kuwaamini mpaka aone upande wa kulia.

Kwa hiyo mwaka 2004, kijiji chao, kimoja cha vijiji vya kata ya Likunja, kilipoamua kujenga wodi ya wazazi kwenye zahanati, watu walimchagua Getruda kuwa katibu wa kamati ya ujenzi. Mwenyekiti alikuwa Lukasi, mkulima wa ufuta mwenye sauti kubwa, ambaye kila jambo kwake lilikuwa limechelewa.

Safari hii alikuwa na haki. Nesi Winfrida alikuwa anawazalisha wanawake ndani ya stoo, kati ya maboksi ya dawa na baiskeli ya zahanati. Kwa wiki hawakupungua watatu.

"Mimi nataka paa kabla ya mvua," aliiambia kamati. "Rangi mtapaka mkipenda."

Tofali zilikwisha kuchomwa, mchanga ulikwisha kusombwa, na mabati yangetolewa na wilaya fundi akipeleka vipimo vya paa. Kamati ikaita mafundi wawili waje waone kiwanja na kusema watachukua muda gani.

Wa kwanza alikuwa Saadi wa Ruangwa mjini. Hakushuka hata kwenye baiskeli sawasawa. Alisimama mguu mmoja chini, akaangalia rundo la tofali, akasema, "Wiki saba." Lukasi akampigia makofi.

Wa pili alikuja kutoka Nachingwea. Aliitwa Agapiti, mtu wa miaka hamsini hivi, mwembamba, aliyesomea uashi kwa mapadri ujanani. Alizunguka kiwanja mara mbili. Akachuchumaa, akafukua udongo kwa ncha ya mwiko, akaupima kwa vidole. Akauliza maji yanatoka wapi na nani anayabeba. Halafu akauliza swali lililowafanya watu watazamane.

"Mwaka jana kijiji hiki kilizika watu wangapi?"

"Unataka kujenga wodi au makaburi?" Lukasi akamuuliza.

"Nataka kujua siku ambazo hamtakuja kazini."

Wakamwambia, walivyokumbuka. Agapiti akahesabu kwa vidole, kisha akasema, "Wiki kumi na nane."

Minong'ono ikaanza. Lukasi akacheka kwa nguvu. "Mwenzako kasema saba. Wewe mikono yako ina nini?"

"Mikono yangu inataka wiki kumi na moja," Agapiti akajibu bila kukasirika. "Msingi mbili. Kuta tatu na nusu. Kumwaga linta, ule mkanda wa zege juu ya milango na madirisha, moja; kuisubiri ishike moja. Kupaua moja na nusu. Lipu na sakafu mbili. Hizo ni siku ambazo mtu yuko juu ya kazi. Saba zinazobaki si zangu, ni zenu. Mtafiwa. Korosho zitaanza kudondoka na vibarua watazikimbilia. Lori la wilaya litachelewa. Mimi mwenyewe homa itanilaza. Sijui lipi litakuja, lakini sijawahi kuona kazi ambayo haikupatwa na angalau nusu ya hayo."

Alipoondoka kupisha kikao, Eliudi, mjumbe aliyekaa karibu na Lukasi, alisema huyo fundi lazima ana mwanamke hapa kijijini, ndiyo maana anataka kukaa mpaka karibu na Krismasi. Wengine wakasema kwamba mtu anayehesabu misiba ya wenzake hawezi kuwa na nia njema.

Getruda alipekua kurasa za nyuma. Saadi alikuwa tayari yumo katika daftari lake: darasa la kijiji cha jirani, wiki tano kushoto, wiki kumi na sita kulia. Huyo hakumsumbua. Aliyemsumbua ni Agapiti. Maelezo yake yalikuwa yamenyooka mno, kama ya mtu aliyewahi kuulizwa swali hilo na kupigwa kwa kukosea jibu. Akaiomba kamati wiki moja aende kuuliza huko alikotoka.

"Mama Goreti, wewe na kuuliza!" Lukasi akalalamika. Lakini wiki akampa.

Nachingwea, Getruda alianzia kwa Mwanabibi, mwenye duka la vyombo karibu na stendi, ambaye Agapiti alimjengea nyumba mwaka 1999.

"Alikwambia wiki ngapi?"

"Ishirini."

"Ikachukua ngapi?"

"Ishirini. Siku ileile aliyoisema alinikabidhi ufunguo, saa nne asubuhi. Sijawahi kuona fundi wa namna hiyo."

Akaenda kwa mwalimu mmoja mstaafu: wiki tisa, zikawa tisa. Akaenda parokiani, ambako Agapiti alijenga jiko la masista: kumi na nne, zikawa kumi na nne.

Mtu mwingine angerudi nyumbani anaimba. Getruda alikaa kwenye benchi la stendi na chupa ya soda akizipitia tena zile namba. Kwa miaka kumi ya kuandika, namba za kushoto na za kulia hazikuwahi kulingana namna hiyo. Watu huchelewa. Mara mojamoja mtu huwahi. Lakini nani hufika siku ileile, kila mara? Kama wiki saba ni za misiba na homa, mwaka ambao hakufa mtu wala hakuugua mtu hizo wiki zilikwenda wapi?

Alirudi dukani kwa Mwanabibi. "Samahani mama. Alikuwa anakuja kazini kila siku?"

Mwanabibi akacheka. "Mimi nipo dukani kuanzia asubuhi. Ningekwenda kumhesabu?"

Kwenye kamati Getruda alitoa zile namba tatu. Shaka yake hakuitoa. Alijiambia kuwa shaka si ushahidi. Kura zilikuwa tano kwa Agapiti, tatu kwa Saadi, na Lukasi alikuwa miongoni mwa wale watatu.

Kazi ilianza Jumatatu, tarehe 12 Julai. Wiki kumi na nane zingeisha Jumatatu, tarehe 15 Novemba. Lukasi aliandika tarehe hiyo kwa mkaa kwenye mlango wa stoo ili kila mtu aione.

Kila siku saa kumi jioni, akitoka shambani, Getruda alipita kiwanjani na kuhesabu kozi, ile mistari ya tofali. Wiki ya kwanza na ya pili, msingi. Ya tatu, kuta zikaanza kuinuka, kozi tano kwa siku, siku nyingine sita. Msiba ulikuwa mmoja tu, wa mzee wa kitongoji cha mbali, na ulichukua siku mbili. Maji hayakukatika. Agapiti hakuugua hata mafua. Mwisho wa Agosti linta ilikuwa imemwagwa na imeshika, kuta zimekwisha. Getruda akapiga hesabu: kwa mwendo huo, wodi ingeisha mwanzoni mwa Oktoba.

Alimwambia kwa furaha. "Fundi, tunakwenda mbele ya muda."

Agapiti aligeuka haraka. "Nani kakwambia?"

"Nimehesabu kozi."

"Usimwambie mtu."

"Kwa nini?"

Fundi akaangalia ukuta. "Ukuta mbichi hausemwi," akajibu, akarudi kuchanganya udongo.

Jibu hilo lilimkaa Getruda kichwani. Ukuta haukuwa mbichi.

Jumatatu iliyofuata Agapiti aliaga kwamba anakwenda Nachingwea kuchagua mbao za kupaua. Akarudi Alhamisi. Wiki iliyofuata akaenda tena, akarudi Ijumaa, akasema mpasuaji mbao anamsumbua. Vibarua wawili aliowaacha walikuwa wakihamisha mchanga kutoka upande mmoja wa jengo kwenda upande wa pili. Nesi Winfrida alitoka stoo mikono imelowa, akawatazama, akamtazama Getruda.

"Katibu, wanatafuta nini humo mchangani?"

Lukasi yeye hakuuliza. Alisema tu, mbele ya watu, "Aliyemleta atatujibu."

Jumatatu ya tatu, tarehe 13 Septemba, Getruda aliwahi kiwanjani asubuhi akamkuta Agapiti anafunga mfuko wake kwenye baiskeli. Ndani ya mfuko, pembe ya pima maji ilikuwa imechomoza, na mwiko pembeni yake. Akamtakia safari njema. Fundi alipopotea barabarani, Getruda akasimama palepale akifikiri. Mtu anayekwenda kuchagua mbao habebi pima maji wala mwiko.

Alimwambia binti yake, Goreti, kwamba anakwenda mnadani. Alipofika Nachingwea akaenda moja kwa moja kwa mpasuaji mbao. Yule bwana alishangaa kuulizwa. Mbao za Likunja? Fundi alizichagua siku moja tu, wiki mbili zilizopita, ziko pale kwenye kivuli zinakauka. Leo hakupita kabisa. Labda yuko Chiola kwenye kazi yake.

"Kazi gani?" Getruda akauliza.

"Ya yule mnunuzi wa ufuta. Nyumba kubwa."

Getruda alipata nafasi kwenye pikapu iliyokuwa inapeleka magunia matupu Chiola. Nyumba haikuwa ngumu kuipata. Ilikuwa kubwa kweli, na juu yake, kwenye kenchi, zile mbao za kubebea paa, alikuwa amekaa Agapiti na misumari mdomoni.

Fundi alimwona. Hakushtuka, au alijizuia. Alitema misumari kiganjani, akashuka ngazi taratibu, hatua kwa hatua, kama anayehesabu. Kabla hajafika chini, mwenye nyumba, Selestini, alikwisha kutoka kumkaribisha mgeni.

"Karibu mama! Unamtafuta fundi? Huyu ni mtu wa kuaminika. Aliniambia wiki kumi na sita, na Jumamosi ijayo ndiyo ya kumi na sita. Utaona, hatakosea hata siku moja."

"Hatakosea," Getruda akasema. "Naijua tabia yake."

Selestini alipoingia ndani, wale wawili wakasogea chini ya kuta za nyuma.

"Ulisema mbao," Getruda akaanza.

"Mbao nilichagua."

"Siku moja. Na hizo nyingine?"

"Niliwaambia kumi na nane. Nitawapa wodi siku ya mwisho ya wiki ya kumi na nane. Siku za katikati ni zangu."

"Ulisema ni za misiba. Za homa. Za lori."

"Hamkufiwa. Sikuugua. Ulitaka nikae nilie?"

"Nilitaka ujenge."

Agapiti alifuta mikono kwenye suruali. Kwa muda alionekana kama atapanda tena juu na kumwacha. Halafu akakaa juu ya rundo la tofali.

"Mwaka 1997 nilijenga ofisi ya kijiji kimoja huko bondeni," akasema. "Nilisema wiki kumi na sita. Mambo yote yakaenda vizuri, nikamaliza kwa kumi. Unafikiri walinishukuru? Waliuliza nimepunguza saruji wapi. Mjumbe mmoja alichukua nyundo akavunja pembe ya ukuta ili aone ndani. Ndani palikuwa sawa, akasema basi nilidanganya tangu mwanzo. Kijiji cha pili wakaniambia, wale uliwamalizia kwa kumi, na sisi tunataka kumi. Nikakubali. Nikaugua malaria, saruji ikaganda, ikafika wiki ya kumi na tisa. Walinifungia kwenye ofisi yao siku nzima kama mwizi wa mbuzi. Tangu hapo siwahi wala sichelewi. Nafika siku yenyewe. Watu wanaipenda siku yenyewe, Mama Goreti, hata kama imepikwa."

Getruda alimsikiliza mpaka mwisho. Alijua kwamba anasema kweli, na hilo lilimkasirisha zaidi.

"Wakati unaipika," akasema, "wanawake wanazalia stoo. Kila wiki unayokaa hapa, watatu."

"Hilo hukuniambia."

"Hukuuliza. Uliuliza wanaokufa."

Agapiti akainamisha kichwa. Kibarua aliyekuwa juu akamwita, naye akampungia mkono asubiri. "Alhamisi nitakuwa Likunja," akasema. "Sitaondoka tena."

"Na mabati? Orodha ya mabati ulikwisha kuipeleka wilayani?"

Hapo ndipo uso wa fundi ulipobadilika. Aliingiza mkono mfuko wa shati, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne. Vipimo vya paa vilikuwa vimeandikwa vizuri, idadi ya mabati, misumari, kofia za paa. Juu yake palikuwa na tarehe: 28 Agosti.

"Mbona iko kwako?"

"Mabati yakija mapema," akasema polepole, "watu wangeuliza kwa nini hayapandi."

Getruda akamnyang'anya ile karatasi. Walitembea pamoja mpaka barabarani, hawasemeshani, isipokuwa alipomsimamisha amweleze namba moja ambayo haikusomeka. Wakati huohuo lori la ufuta likapita. Juu ya magunia alikuwa amekaa Eliudi. Aliwaona wawili hao wameinamia karatasi moja kandokando ya barabara ya Chiola, mahali ambapo hakuna hata mmoja wao aliyesema anakwenda.

Kesho yake Getruda aliipeleka orodha wilayani, Ruangwa, kwa mkono wake. Karani akamwambia lori la mwezi huo la kuleta mabati kutoka Lindi limekwisha kwenda na kurudi. Angoje linalofuata. Aliporudi kijijini alikuta hadithi imemtangulia. Kwenye kisima wanawake walinyamaza alipotua ndoo. Goreti alirudi kutoka kwa rafiki zake macho mekundu, akamuuliza, "Mama, ni kweli una mambo na fundi?"

"Si kweli."

"Basi Chiola ulifuata nini?"

Getruda hakumjibu. Alikuwa amekwisha kulipima jambo hilo njia nzima. Akisema alichokiona, Lukasi atamfukuza Agapiti siku hiyohiyo na kumleta Saadi, na Saadi ataacha kuta wazi mvua ikinyesha. Akinyamaza, wodi itaisha. Kwa hiyo akanyamaza. Lakini jioni alipofungua daftari aandike alichokigundua, hakuandika. Mara ya kwanza kwa miaka kumi alikuwa anaujua ukweli wa muda wa mtu na ameuficha. Akajitazama jinsi alivyozoea kuwatazama wengine, asijipende.

Agapiti alitimiza ahadi. Alhamisi alikuja na mbao, na mwisho wa Septemba kenchi zote zilikuwa zimesimama. Baada ya hapo palibaki kungoja mabati, maana lipu na sakafu hungoja paa. Oktoba ikaanza. Korosho zikadondoka, vibarua wakaondoka mmoja mmoja, kama fundi alivyosema. Katikati ya mwezi zikaja habari kwamba lori lililobeba mabati limekatika ekseli njiani na kifaa kinatafutwa Dar es Salaam. Agapiti alikuwa anashinda kiwanjani akinoa mwiko ambao haukuwa butu. Hakuwa na pa kwenda, maana aliahidi.

Wiki zake saba za akiba alikwisha kuzitumia. Sasa ndipo alipozihitaji.

Ijumaa, tarehe 5 Novemba, saa nane mchana, mvua ya kwanza ilipiga bila onyo. Lusiana, mke wa kijana wa kitongoji cha pili, alikuwa stoo tangu asubuhi na uchungu wa mtoto wa kwanza. Bati la stoo lilikuwa la zamani, lilivuja sehemu sita. Winfrida alipiga kelele kuomba watu. Getruda alikuwa karibu, akakimbia. Akapewa karatasi ya nailoni ashike pembe mbili juu ya mama yule, mwanamke mwingine akashika pembe nyingine. Maji yalijaa katikati ya nailoni, wakawa wanayamwaga pembeni na kushika tena. Kupitia dirishani Getruda aliziona kenchi za wodi zimelowa, hazina kitu juu. Lori la kabla ya lile lililoharibika lilifika salama mwezi wa tisa. Ile karatasi ingetoka mfukoni kwa fundi tarehe 28 Agosti, mabati yangekuwa juu.

Mtoto alizaliwa, wa kike, akalia vizuri. Lusiana alishikwa na homa siku tisa. Siku ya tano Winfrida aliacha kusalimia watu.

Mabati yalifika tarehe 8. Agapiti na vibarua wanne waliyapandisha kwa siku sita, wakifanya kazi hata Jumapili. Jumatatu, tarehe 15, kamati ilikutana mbele ya jengo lenye paa lakini lisilo na sakafu, lipu wala milango. Lukasi alielekeza kidole kwenye mlango wa stoo, kwenye maandishi ya mkaa.

"Fundi, leo ndiyo siku yako."

"Lori lilikatika ekseli," Agapiti akasema.

Watu wakatikisa vichwa kukubali. Kila mtu alijua habari za lori. Hata Lukasi alishusha sauti, akasema lori halina mwenyewe. Jambo lilikuwa linaelekea kuisha. Getruda alimtazama Winfrida aliyesimama mlangoni mwa stoo, amekunja mikono. Akasimama.

"Si lori peke yake," akasema. "Orodha ya mabati ilikaa mfukoni mwa fundi wiki mbili na zaidi, ikakosa lori la kwanza. Alikuwa anajenga nyumba ya mtu Chiola. Nilimfuata nikamwona kwa macho yangu. Na mimi nilijua tangu Septemba, sikuwaambia."

"Nilisema!" Eliudi akaruka. "Mimi niliwaona!"

Kelele zikapanda. Mtu mmoja alimwita Getruda mwongo, mwingine akasema afadhali amesema. Agapiti aliinuka, akangoja wanyamaze.

"Ni kweli," akasema. "Alivyosema ndivyo. Lakini nami niwaulize. Ningemaliza mwanzoni mwa Oktoba, wiki sita kabla, mngeniambia nini?"

 Lukasi, ambaye kwa ubaya wake wote hakuwa mnafiki, akakuna kidevu. "Tungesema umetupunja," akasema. Wawili watatu wakacheka, wakaacha.

Kamati iliamua fundi amalize kazi bila kuondoka kijijini, na Getruda aache ukatibu. Eliudi akachukua kalamu palepale.

"Siku ngapi zimebaki?" akamuuliza Agapiti.

"Jua likitoka, kumi na nne. Mvua ikishika, ishirini na nne. Zaidi ya hapo sijui."

"Sema moja."

"Nimesema ninachokijua."

Jibu hilo halikumpendeza mtu. Eliudi akaandika kumi na nne.

Mvua ilishika. Siku zikawa ishirini na mbili, na kwa siku nane za mwisho Agapiti alitukanwa kila asubuhi na watu waliokuwa wanakwenda kupanda mahindi.  Alipiga sakafu kipande kwa kipande, akifunika kwa magunia. Siku aliyomaliza aliosha vifaa vyake kwenye pipa, akavifunga kwenye baiskeli. Getruda alipita na jembe begani.

"Umeniharibia jina," fundi akamwambia. Hakusema kwa hasira.

"Lilikuwa la uongo."

"Lilikuwa langu."

 Getruda alitaka kumwambia kwamba hata yeye kijijini hana tena jina, kwamba Goreti bado anamtazama kwa pembe ya jicho. Badala yake akahamishia jembe bega la pili. Agapiti alipanda baiskeli akaenda zake, na habari zake zilizofuata zilikuwa za kusikia tu: kwamba anajenga upande wa Masasi, na kwamba huko anawaambia watu muda wa chini na wa juu, na wengi wanamkataa.

Asubuhi ileile fundi alipoondoka, Winfrida alikuwa anahamisha vitanda. Lusiana alikuja kumsaidia, mtoto mgongoni, ingawa aliambiwa apumzike. Mlango wa wodi ulikuwa umevimba kwa unyevu, haukufunga. Winfrida aliusukuma kwa bega mara mbili, akaangalia nje.

"Wewe mwenye jembe!" akaita. Ilikuwa mara ya kwanza kumsemesha tangu siku ya mvua. "Unasimama nini huko? Njoo usukume."

Getruda aliegemeza jembe ukutani akaingia. Wakasukuma pamoja, na mlango ukafunga.